Siku Kerneli Ilipobaki Nyuma

Chumba cha seva katika hospitali ninayofanyia kazi kilikuwa stoo ya mashuka kabla ya kompyuta kuja. Hakina dirisha. Mlango wake ni wa mbao, na sehemu ya juu una vipande vilivyolazwa mshazari ili hewa ipite, kwa hiyo kila kinachosemwa koridoni hunifikia kana kwamba nimeketi pamoja na wasemaji. Nje, benchi la wagonjwa wa kliniki limeegemea ukuta huo huo, na ncha yake moja inagusa fremu ya mlango wangu. Ukitoka, unatokea magotini mwa watu.

Jumatatu moja ya masika niliingia humo mapema, kliniki ikiwa haijafunguliwa, ili nimalize kazi niliyoiahirisha kwa muda mrefu kuliko inavyostahili: kupandisha toleo la mfumo endeshi wa seva. Mafaili yote nilikuwa nimeyapakua Jumapili baada ya ibada. Nilidhani ningekuwa nimemaliza, nimejipangusa mikono, na pengine nimekunywa chai, kabla mgonjwa wa kwanza hajaketi.

Mfumo endeshi una tabaka mbili ambazo mtumiaji wa kawaida hana sababu ya kuzitofautisha. Ndani kabisa kuna kiini, ambacho mafundi tunakiita kerneli. Hicho ndicho kinachosemezana na diski, kumbukumbu na nyaya. Juu yake zimekaa programu nyingine zote, kuanzia ile kubwa inayotunza taarifa za wagonjwa hadi amri ndogo ya kuorodhesha mafaili. Kati ya tabaka hizo kuna maktaba moja ambayo karibu kila programu huitumia kupeleka maombi yake kwa kerneli. Si lazima maktaba na kerneli zizaliwe siku moja, lakini haziwezi kuachana sana kwa umri. Maktaba mpya, kabla ya kufanya lolote, huuliza kerneli ina toleo gani. Ikikuta ni ya zamani kupita kiasi, hukataa kazi, na programu iliyoiita hufa hapo hapo.

Asubuhi ile maktaba mpya iliingia. Kerneli mpya haikuingia, kwa sababu sehemu ya diski inayohifadhi kerneli ilikuwa imejaa masalia ya matoleo ya nyuma. Baina ya hatua hizo mbili mashine iliniuliza kama iendelee, nami nikajibu ndiyo, kama nilivyokuwa nimejibu maswali mengine yote yaliyotangulia bila kuyasoma hadi mwisho. Kisha nikaandika amri ya kuorodhesha mafaili. Jibu likawa sentensi moja: kerneli ni ya zamani mno. Nikaandika amri ya kunakili. Kerneli ni ya zamani mno. Nikaandika ile ya kuonyesha saa, ambayo haijawahi kumkatalia mtu, na yenyewe ikanijibu vile vile.

Kilichobaki hai kilikuwa dirisha moja la amri, lile nililolifungua kabla ya kuanza. Lilikuwa limekwisha kubeba maktaba ya zamani kwenye kumbukumbu, na halikuwa na habari kwamba diskini mambo yamebadilika. Ndani yake niliweza kufanya yale machache ambayo dirisha lenyewe linayajua bila kuita msaada: kuhama folda, kuandika neno kwenye kioo, kusoma faili la maandishi mstari kwa mstari. Nikilifunga nisingelifungua tena, maana hata programu ya kuingilia ingekufa mlangoni. Umeme ukikatika, kerneli ya zamani ingeamka na kuikuta maktaba mpya, na mashine ingesimama hapo.

Dawa ya hali hiyo ipo. Unawasha mashine kwa mfumo mwingine ulio kwenye fleshi, unaingia diskini kwa nje, unapunguza masalia, unaweka kerneli mpya. Fleshi ninayoitumia kwa kazi hiyo ilikuwa Kisiba, kwa fundi mwenzangu aliyeiazima. Nilimpigia.

“Naituma na bodaboda,” alisema. “Ila subiri mvua ipungue, dada. Hapa hata pikipiki haionekani.”

Tangu hapo mtandao wa simu ukaondoka, na haukurudi hadi jioni.

Nilizaliwa Singida, mahali ambapo mvua ni mgeni, na miaka yangu yote ya Tukuyu haijanifundisha kuizoea radi ya huku. Wenyeji hawaiogopi kama ninavyoiogopa mimi. Wameiwekea utaratibu tu. Ikinguruma mara ya kwanza, popote ulipo, iwe sebuleni au ofisini, anayekaribia ukuta huchomoa kila kilichochomekwa: friji, runinga, chaja, pasi. Hakuna anayeomba ruhusa. Ni adabu, kama kumwambia mtu kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka. Muuguzi wa zamu, mwanamke wa hapa hapa anayenizidi umri kidogo na anayeniita Mama Kompyuta, alifungua mlango wangu kwa bega akiwa ameshika bakuli la sindano, na mkono wake mwingine tayari umeelekea kwenye soketi.

“Usiguse,” nilisema.

“Radi hiyo, Mama Kompyuta.”

“Nimeisikia. Usiguse waya wowote humu.”

“Basi itatukuta sote. Betri yako ile si ipo?”

“Betri ile imechoka. Haifiki hata mwisho wa sala ya chakula.”

Alinitazama, akatazama kioo, ambacho kwake hakikuonyesha kitu zaidi ya maandishi meupe. “Wenzio wanachomoa, wewe unang’ang’ania. Haya. Ukiungua nitasema nilikuonya.”

Nilivuta kiti nikakaa kati ya soketi na mlango. Hivyo ndivyo nilivyojifungia. Nisingeweza kutoka hata kwenda kujisaidia, kwa sababu ningerudi nikute mtu mwema amepita na kuniokolea mashine.

Kliniki ilianza bila kompyuta. Mafaili ya karatasi tuliyaacha zamani, kwa hiyo kila mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari siku ile aliketi kama mgeni. Nilisikia muuguzi akiwauliza watu dawa zao kwa rangi na kwa ukubwa. Nilisikia benchi likijaa, likisogea, makoti mabichi yakikung’utwa. Halafu, karibu kabisa na fremu ya mlango wangu, nikasikia mtu akikohoa mara mbili, taratibu, kikohozi kisicho na ugonjwa ndani yake.

Nilikifahamu. Kilikuwa cha baba mkwe wangu, na alikikohoa kwa ajili yangu.

Katika ukoo wa mume wangu, ingawa si katika koo zote tena, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso. Wengi wameuacha utaratibu huo. Wengine wameulegeza kwa zawadi na maneno ya wazee, wakaketi meza moja Krismasi. Baba mkwe wangu hakuulegeza. Nyumbani kwake Kinyala mimi hukaa upande wa jikoni, na yeye kabla ya kuzunguka kona ya nyumba hukohoa ili nijisogeze. Hajawahi kunisema vibaya. Najua kutoka kwa mume wangu kwamba ananisifu. Lakini mwaka fulani tulikutana ghafla kwenye njia nyembamba kati ya mashamba ya chai, mimi nikipanda na yeye akishuka, na mzee yule, mvua ikinyesha, akageuka akarudi juu alikotoka, akazunguka kilima kizima ili asinipite. Niliposimulia jambo hilo kwa dada zangu walicheka. Mimi sikuweza kucheka. Nilihisi kwamba nimemrudisha mtu mzima mvuani kwa kuwa na uso tu.

Kwa hiyo nilijua, na naliandika hili bila kulipamba, kwamba nikiufungua ule mlango atainuka aondoke.

Muuguzi alifika kwake. Walisalimiana kwa Kinyakyusa, kisha akahamia Kiswahili kwa sababu ya daktari aliyekuwa amesimama karibu, kijana wa Kanda ya Ziwa aliyeripoti kwetu si zamani.

“Fizi zinatoa damu tangu jana,” muuguzi alimweleza. “Na pua, asubuhi hii. Huyu ni wa dawa ya kuzuia damu isigande. Iliganda mguuni.”

“Kiasi gani kwa siku?” daktari aliuliza.

“Tata, unameza ngapi?” muuguzi akamuuliza, akimwita baba kwa lugha yao.

“Kama alivyoandika dakitali,” alisema mzee.

“Aliandika ngapi?”

“Yeye ndiye aliyeandika. Imo kwenye kompyuta.”

Aliyeandika alikuwa amehamishwa. Kompyuta nilikuwa nimeiua mimi. Damu ya mzee ilikuwa inatoka, na wa kujua kwa nini inatoka angehitaji kwanza kujua anameza nini. Niliyasikia hayo yote yakipita kwenye vipande vya mlango, na sikuwa na pa kuyakimbia. Mume wangu alikuwa Lupepo, shuleni anakofundisha, na simu zilikuwa zimekufa. Mama mkwe wangu hasomi.

Muuguzi aliingia kwangu. Nilijibanza nyuma ya mlango wakati anaufungua, na yeye akaona, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

“Baba mkwe wako yuko nje, ndiyo maana umejibandika ukutani kama kalenda.”

“Nimemsikia. Nisomee namba yake ya kliniki.”

“Si umesema imekufa?”

“Haijafa. Nisomee.”

Kila Ijumaa mfumo wetu huandika muhtasari wa kliniki kwenye faili la maandishi matupu, kwa ajili ya ripoti za mwezi. Programu ya taarifa ilikuwa haiamki, lakini faili lilikuwepo diskini, na dirisha langu pekee lilikuwa bado linajua kusoma. Niliandika amri ndefu, nikiipima kila herufi, maana sikuwa na chombo kingine cha kurekebishia kosa: soma mstari, ukiwa na namba hii uuonyeshe, usipokuwa nayo endelea. Mistari ikapita bila kuonekana. Nilikuwa naifanyisha mashine kazi ya kidole kinachotambaa kwenye ukurasa. Kisha mstari wake ukatokea. Kidonge kimoja, kila siku, asubuhi. Vipimo vya nyuma, sawa.

“Kimoja,” nilimwambia muuguzi. “Na vipimo vilikuwa vizuri.”

Nilifarijika mno, na faraja ile naiona sasa kuwa ya mtu aliyefungiwa anayefurahia kwamba sauti yake imesikika nje. Sikujiuliza kama nilichokisema kilikuwa kinatosha.

Daktari alikipokea. Kama dozi ni hiyo na vipimo vilikuwa vizuri, alisema, basi huenda ni meno. Mzee aonwe chumba cha meno, na damu yake ipelekwe Mbeya kupimwa, maana kipimo hicho kwetu kilikuwa kimekwisha. Majibu yakija atarudi. Kwa sasa aendelee na dawa kama kawaida.

Alikwenda chumba cha meno akarudi, akaketi pale pale akisubiri mvua ipungue aende Kinyala. Nilisikia akitema kwenye kitambaa, mara kwa mara, kwa heshima, kama mtu asiyetaka kusumbua.

Nadhani ni kwa kuchoka kusubiri ndipo akauliza. “Hiyo mashine imekufa?”

Muuguzi alikuwa anapita. Akagonga mlango wangu kwa kifundo cha kidole. “Mama Kompyuta, wazee wanauliza mashine imekufa?”

Nikajibu kwa muuguzi, kwa sauti ya chini, nikiwa nimeupa mlango mgongo. Nilisema haijafa. Nilisema imewekewa kipya juu ya cha zamani, na cha zamani hakikuondolewa, kwa hiyo haviwezi kufanya kazi pamoja. Alilitafsiri hilo koridoni kwa Kinyakyusa, akiongeza chumvi yake, na benchi likaguna kwa kuelewa.

Mzee alitema tena kwenye kitambaa. Halafu akasema kwa Kiswahili, polepole, akichagua maneno, na nikajua kwamba amechagua Kiswahili ili nisikose hata moja:

“Mwambie huyo wa ndani, hata mimi nimewekewa kipya juu ya cha zamani. Na sijui ni kipi niliruhusiwa kuacha.”

Benchi likacheka. “Mzee ameongeza mke,” akasema mwanamume mmoja. “Ndiyo maana anatoka damu, wake wanamgombania,” akadakia mama mwingine, na muuguzi naye akacheka akaenda zake.

Mimi nilisimama.

Msimu uliopita dawa ile iliadimika hospitalini. Nilikwenda duka la dawa mjini, nikanunua paketi kubwa ya kiwanda kingine, vidonge vya rangi tofauti lakini dawa ile ile, nguvu ile ile, nikampa mume wangu apeleke. Mume wangu alisema tu: mkwe wako amekuletea dawa. Baadaye dawa ya hospitali ilirudi, na mzee akapewa ya mwezi kama kawaida. Hakuna aliyemwambia kwamba ile ya kwangu iishie hapo. Mimi nilidhani ni jambo la wazi. Yeye hakuwa na wa kumuuliza, kwa kuwa aliyeileta ni mtu asiyeweza kusemezwa, na kumtuma mtu aulize kungekuwa kama kusema kwamba zawadi ya mkwe ina shaka. Nilielewa pia kwa nini alimjibu muuguzi kuwa anameza kama alivyoandikiwa. Kunitaja mimi mbele ya korido nzima, na damu inamtoka, kungekuwa kunishtaki. Aliona nafasi moja ya kulisema bila kulisema, akaitumia, na watu wakacheka.

Muuguzi alikuwa ameshafika mwisho wa korido. Daktari alikuwa amejifungia na mgonjwa mwingine. Mvua ilikuwa inapungua. Nilisikia watu wakijaribu miamvuli yao. Kama ningesubiri mtu wa kumtuma, angeondoka, na jioni angemeza kidonge changu.

Niliweka kiganja kwenye ubao wa mlango nikasema, “Baba, shikamoo.”

Miamvuli ikaacha kufunguliwa. Walikuwa watu wa huku; hakuna aliyehitaji kuelezwa nini kimetokea. Nilisikia benchi likilia, kama linavyolia mtu anapoinuka. Nilisema tena, haraka, na sauti yangu haikuwa nzuri: “Sitatoka, Baba. Nimefungwa humu. Sitatoka.”

Kisha nikamsikia akimwita muuguzi, na sauti yake ilitoka upande wa kushoto, mbali kidogo na fremu, kwa hiyo alikuwa ameinuka kweli, ila hakuwa ameondoka.

“Mama, njoo hapa. Muulize mlango unataka nini.”

Muuguzi alikuja, na ninamshukuru hadi leo kwamba hakucheka. “Mlango,” alisema, “mzee anauliza unataka nini.”

“Mwambie, ile dawa ya mjini bado anameza?”

“Tata, mlango unauliza dawa ya mjini bado unameza?”

“Uambie asubuhi nameza ya hospitali. Jioni nameza ile nyingine.”

“Kila siku?” muuguzi aliuliza.

“Kila siku. Imebaki kidogo.”

“Mwambie ni dawa moja,” nilisema. “Mwambie ni ile ile, imebadilika rangi tu. Nilileta kwa sababu ile ya hospitali ilikwisha. Ilikuwa badala yake, haikuwa nyongeza.”

Muuguzi hakutafsiri. Nilisikia viatu vyake vikikimbia kwenda kwa daktari. Mzee akabaki upande wa pili wa ubao, na kwa muda huo tulikuwa wawili, bila mtu wa katikati. Hakuniambia kitu mimi. Alisema, kama mtu anayejisemea, “Mkwe akileta kitu, nitamrudishia vipi? Nitamwambia nini?”

Hakuwa ameniuliza mimi.

Walimlaza wodini dakika hiyo hiyo, wakamdunga vitamini inayorudisha damu kuganda, wakaandika kwenye kipande cha boksi juu ya kitanda chake kwamba asipewe dawa ile hadi majibu. Benchi lilipokuwa tupu nilifungua mlango kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Palikuwa na kitambaa sakafuni, chekundu. Nilikiokota mwenyewe.

Fleshi ilifika alasiri ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara nyingi kama nyama ya sherehe. Nilirudi ndani nikakaa mbele ya dirisha langu lililobaki wazi. Nilikuwa nimelilinda siku nzima, na sasa sharti la kuiponya mashine lilikuwa kulifunga kwa mkono wangu. Nilisita kuliko nilivyotarajia. Ukikaa muda mrefu mahali penye njia moja ndogo, unaanza kuipenda ile njia na kusahau kwamba ndiyo inayokuonyesha ukubwa wa kifungo. Kisha nikalifunga. Kioo kikawa cheusi. Niliwasha kwa fleshi, nikaingia diskini kwa nje, nikafuta kerneli zilizopitwa, nikaweka mpya mahali pake, na mashine ilipoamka safari hii maktaba iliuliza swali lake la kawaida na kuridhika. Nikaandika amri ya kuorodhesha mafaili. Yakaorodheshwa. Hakuna mtu katika hospitali nzima aliyejua kwamba hilo ni jambo la kumfanya mtu atake kulia.

Majibu ya Mbeya yalionyesha kwamba damu yake ilikuwa nyepesi kiasi cha kutisha. Fizi zilikauka. Siku ya kuruhusiwa ilipofika, mume wangu alikuwa shuleni tena, na daktari yule kijana akanikamata koridoni.

“Mama, nataka mtu wa familia anayesoma. Nimeona paketi zote mbili ziko hapo kando ya kitanda, bibi amezileta. Sitamruhusu mpaka mtu azichambue mbele yangu, na amwambie mwenyewe, asikie.”

“Mimi siwezi kuingia mle,” nilisema.

“Kwa nini? Wewe si mkwewe?”

“Ndiyo sababu.”

Alinitazama kama mtu anayesoma ujumbe wa kosa asioufahamu. Hakuwa na ubaya. “Basi atabaki na paketi mbili,” alisema. “Na mimi sitaki kumwona tena anatema damu.”

Tulikwenda hadi mlango wa wodi. Nilisimama kabla ya kizingiti, mahali ambapo mzee asingeniona kutoka kitandani. Mama mkwe wangu alikuwa ameketi chini kwenye kanga, mgongo wake kwenye mguu wa kitanda. Aliniona. Akainuka, akainama kwenye sikio la mumewe, akamwambia kitu kifupi kwa Kinyakyusa. Niliyajua maneno mawili tu kati yake, dawa na mkwe.

Nilingoja mzee ashuke kitandani atoke kwa mlango wa nyuma. Angeweza, alikuwa tayari amevaa koti. Badala yake alijilaza, akavuta blanketi la hospitali, lile la kijivu linalochoma, akajifunika kuanzia miguuni hadi juu ya kichwa, na kulikunja chini ya kisogo chake ili lisiteleze.

Mama mkwe akanipungia mkono.

Niliingia. Wagonjwa wengine wakageukia ukutani mmoja baada ya mwingine, hata yule aliyekuwa na mguu ulioning’inizwa akageuza walau shingo. Nilisimama kando ya kitanda, karibu na mtu huyu kuliko nilivyowahi kuwa, na niliona blanketi likipanda na kushuka kwa pumzi zake. Nilichukua paketi ya mjini nikaitia mfukoni mwa koti langu. Nilichukua ya hospitali nikaiweka katikati ya meza. Nikamweleza, nikiliambia blanketi, kwamba kuanzia leo ni hii peke yake, kidonge nusu kila asubuhi, hadi atakapoitwa kliniki. Na kwamba mimi nikituma kitu chochote tena, amtume mtu aniulize, hata kama ni kwa ukali, na mimi nitashukuru.

“Imeeleweka?” daktari aliuliza kutoka mlangoni.

“Ndaga fijo,” likasema blanketi. Asante sana.

Nilitaka kusema neno jingine. Miaka yote ile nilikuwa na mengi, na baadhi yalikuwa mazuri. Lakini chini ya blanketi lile palikuwa na joto, na pumzi zilianza kwenda haraka, na nilijua kwamba hatajifunua mpaka nitoke. Nikatoka.